Gundi ya Muhogo

Kwa siku kadhaa sikulala vizuri kwa sababu ya swali ambalo mtu mwingine angelimaliza kabla chai haijapoa. Mtu akiazima picha yako, akaigeuza kuwa kitu kizuri kuliko ilivyokuwa, kitu ambacho wasomi wanakitaka ukutani kwao, je, picha hiyo bado ni yako? Nilijibu ndiyo, nikageukia ukutani. Nikajibu hapana, nikageukia mlangoni. Kisha nikaanza kuiona picha yenyewe ikiharibika mikononi mwangu, na wote wawili, aliyeiazimisha na aliyeiazima, wakinilaani kwa pamoja, mmoja akiwa mtaani Buzebazeba na mwingine chini ya ardhi.

Swali lililetwa na harufu. Baada ya arobaini ya Baba, Mama alinipa ufunguo wa chumba cha kazi cha marehemu pale nyumbani Ujiji, akasema, "Ingia wewe. Mimi nikiingia nitachoma moto." Sikujua kama anatania. Nilipofungua, harufu ya gundi ya muhogo ikanijia puani, chachu kidogo kama ugali uliolala, na papo hapo nikawa mtoto wa darasa la pili, nimesimama kwenye kizingiti kilekile, naogopa kuvuka.

Baba alikuwa msanifu majengo. Mtaani hakuna aliyelitumia neno hilo. Walimwita Injinia, naye aliwasahihisha kila mara: "Injinia anahesabu nondo. Mimi nafikiria mtu atakaa wapi." Nao kila mara wakamjibu, "Sawa, Injinia." Alichora nyumba za watu wa Mwanga na wa Kigoma mjini, zile zenye duka mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Kazi hiyo ilitulisha. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine: kukata na kubandika.

Alikata kila kitu. Mifuko ya saruji, kalenda za mwaka uliopita, karatasi za rangi ya fedha za ndani ya pakiti za sigara, vipande vya kanga, na zaidi ya vyote ramani za zamani za majengo, zile za buluu zenye mistari myeupe, alizoziokota zilipokuwa zinatupwa kwenye ofisi fulani. Kwa wembe na subira alizigeuza kuwa nyumba ambazo hazikuwepo popote: msikiti wenye rosheni ya gesti, choo chenye paa la kanisa, duka lililokaa juu ya mgongo wa samaki. Gundi aliipika mwenyewe jikoni kwa unga wa muhogo, Mama akilalamika kwamba chakula cha watoto kinaishia kwenye makaratasi. Gundi ya dukani hakuitaka.

"Ile haina adabu," alisema. "Ikishika haiachii. Hii ukiilowesha inakurudishia kitu chako."

Nayakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu yalinichosha. Baba alikuwa mtu wa kuhubiri kuhusu gundi.

Kazi ikishabandikwa aliipeleka nje kukauka. Alinunua chanja kwa kina mama wanaoanika dagaa, wavu uliowambwa juu ya miti, akazilaza picha zake hapo na kuzikandamiza kwa mawe kwenye pembe. Kwa hiyo picha zake zilinuka dagaa, zilifuatwa na nzi, na kila aliyepita njia ya kushuka ziwani aliziona. Sidhani kama hilo lilikuwa bahati mbaya. Alitaka zionekane.

Mimi nilizielewa kwa namna yangu. Nilikuwa nimeshamwona Baba akichora nyumba kwenye karatasi, na baadaye tukienda Mwanga ananionyesha nyumba ileile imesimama, ina madirisha, ina watu. Kwa hiyo nilijua jinsi dunia inavyofanya kazi: karatasi inatangulia, kitu kinafuata. Hakuna aliyeniambia kwamba picha za kubandika ni za aina nyingine. Alipobandika samaki chini ya duka, nilikwenda dukani nikainama kuchungulia chini ya ngazi. Hakukuwa na samaki. Nikajiambia bado hawajafika.

Chini yetu kwenye mteremko, nyumba ya mwisho kabla ya mchanga, alikaa Bi Mwajuma. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti iliyofika kwetu bila kupandishwa. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na ya kawaida tu, ila mlango. Ulikuwa mlango wa nakshi, maua na minyororo imechongwa kwenye mbao nene, na aliuleta babu wa mumewe. Mchwa walikuwa wameanza kula fremu upande mmoja. Bi Mwajuma alitaka fundi achonge upya palipoliwa, akaja kwa Baba amchoree. Baba akauliza kama kuna picha ya mlango kabla ya mchwa.

Ilikuwepo moja. Mzee Ramadhani, marehemu mumewe, ameketi barazani kando ya mlango, kofia kichwani, miguu ameinyoosha kama mtu asiye na deni na yeyote. Bi Mwajuma aliileta imefungwa kwenye upande wa kanga.

"Injinia, hii sina nyingine."

"Nitaitunza kama yai, Bi Mwajuma."

"Yai huvunjika. Itunze kama picha."

Baba alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa Baba alicheka.

Picha ikakaa. Bi Mwajuma akija kuiulizia, Baba alimwambia bado anapima. Nadhani mwanzoni ilikuwa kweli. Lakini siku moja nilikuwa kwenye kizingiti, mahali pangu, nikaiona picha iko mezani imezungukwa na vipande, na wembe wa Baba unapita taratibu kwenye miguu ya Mzee Ramadhani. Ulipita kwenye kifundo, ukapanda kwenye muundi, ukazunguka goti. Uso wa Baba ulikuwa umetulia kabisa. Nilirudi nyuma kimyakimya, nikaenda kukaa uani nimeikunja miguu yangu ndani ya gauni.

Sikumwambia mtu. Haikuwa lazima. Baada ya siku chache kazi ilikuwa chanjani, na Bi Mwajuma alikuwa anapanda njia na bakuli la migebuka aliyotaka kumpa Mama.

Ilikuwa kazi nzuri, lazima niseme hivyo, hata leo ndiyo nzuri kuliko zote. Mlango wa nakshi ulisimama juu peke yake, chini ya paa la karatasi ya fedha. Chini ya mlango, mahali pa baraza na pa mtu aliyeketi, palikuwa na buluu tupu, vipande vingi vya ramani za zamani vimepangwa kwa mawimbi, mistari myeupe ikiyumba kama povu. Bi Mwajuma aliiangalia kwa muda. Kisha akaliweka bakuli chini.

"Mume wangu yuko wapi?"

Baba alikuwa anatoka ndani. "Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Usiniamkie. Nakuuliza mume wangu yuko wapi."

"Nipe nafasi nikueleze. Hii ni sanaa..."

"Nimekupa mtu na mlango. Unanirudishia mlango na maji?"

"Hujaiangalia vizuri."

"Nina macho. Nirudishie picha yangu."

Nami nikasubiri Baba aseme kitu, chochote, hata uongo. Badala yake alijinyoosha, akasema kwa ile sauti aliyowasahihishia watu neno injinia: "Haipo tena picha ya kurudisha. Hii sasa ni kazi yangu. Huwezi kudai kitu ambacho hakipo."

Bi Mwajuma aliinama, akaliokota bakuli lake la migebuka, akashuka nalo. Sijawahi kuona samaki wakirudi kwao kwa hasira namna ile.

Tangu hapo ukawa uadui. Kamba yake ya kuanikia ilitazama dirisha letu, na asubuhi moja palining'inia hapo kanga mpya peke yake, imetandazwa kwa pini ili isomeke vizuri: *Wema wangu umeniponza*. Ilikaa mchana na usiku. Mama alilia. Baba alikwenda Mwanga sokoni, akanunua kanga ileile, akalikata neno la kwanza na kubandika jingine mahali pake kwa herufi zilezile za maua. Akaianika kwenye chanja cha dagaa, imetazama chini kwa Bi Mwajuma: *Mdomo wangu umeniponza*. Mtaa mzima ulipita kusoma. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Baba, Mungu amrehemu, alifurahi kama mtoto.

"Umeshinda?" Mama alimuuliza. "Haya. Nani sasa ataniazima chumvi?"

Hakuna aliyemwazima. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, sahani za futari zilipita mlangoni kwetu kwenda kwa jirani wa upande wa pili na kurudi zikiwa tupu. Harusini, wanawake waliimba ubeti wa mwanamume anayekata wajane kwa wembe, na Mama alikuwemo ukumbini, akipiga makofi kama wengine kwa sababu kutopiga kungekuwa kukiri. Asha, mjukuu wa Bi Mwajuma, ambaye tulikuwa tukicheza rede kila jioni, alikuja mpaka katikati ya mteremko akasimama.

"Bibi kasema nisicheze na wewe. Baba yako anakata watu."

"Hakati watu."

"Haya, miguu ya babu iko wapi?"

Niliuona wembe kwa macho yangu. Nilimchukia Asha kwa kuuliza, nikamchukia Baba zaidi kwa kuwa swali lilikuwa zuri.

Kisha mvua zikaja, na hazikuondoka. Ziwa lilianza kupanda. Kwanza lilichukua mchanga wa kuanikia dagaa, halafu mitumbwi ikaanza kufungwa kwenye miti ambayo zamani tulikaa kivulini mwake. Watu wazima waliongea kuhusu mto unaotoa maji ziwani, kwamba umeziba huko Kongo, na kuhusu Mungu. Mimi sikusikiliza. Mimi nilijua. Maji yalikuwa ya karatasi ya ramani. Yalichorwa, yakabandikwa chini ya mlango wa Bi Mwajuma, yakakaushwa juani, na sasa yalikuwa yanajengwa. Nilingoja yafike mlangoni, niliyoyaona kwenye chanja ndiyo niliyoyatarajia, na yalipofika sikushangaa hata kidogo.

Asubuhi hiyo mtaa ulikuwa umeshuka kumsaidia kutoa vyombo. Maji yalikuwa magotini ndani ya sebule yake. Bi Mwajuma alisimama barazani, pale pale alipoketi mumewe, akamwona Baba juu kwenye mteremko, akapaza sauti.

"Injinia! Shuka uone kazi yako! Imejengwa vizuri, haina hata ufa!"

Hakuna aliyecheka. Baba alishuka. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini na bisibisi na nyundo mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye bawaba za mlango. Nadhani hakuwa na lingine la kusema isipokuwa hilo. Bi Mwajuma akajiweka katikati yake na mlango.

"Usiguse."

"Bi Mwajuma, ukuta unaanguka. Acha nikutolee mlango."

"Wewe mlango wako unao. Huu uache."

"Mlango utaondoka na maji."

"Bora maji. Maji hayajaniambia yatautunza kama yai."

Alimzuia mpaka wanaume wengine wakamtoa yeye kwa nguvu, maana ukuta ulikuwa umeanza kuinama. Ulianguka mbele ya macho yetu, taratibu, kama mtu anayeketi. Mlango ulielea kidogo, ukageuka, nakshi ikaangalia juu, na wimbi likauvuta. Baba alibaki amesimama kwenye maji na nyundo yake. Nilikuwa juu, nimemshika Mama kanga, na nilichofikiri, nakumbuka wazi kabisa, ni kwamba sasa atafurahi, kazi imekamilika.

Bi Mwajuma alihamia Buzebazeba kwa mwanawe. Kanga zikaisha, uadui haukuisha. Baba aliiondoa ile kazi kwenye chanja, akaifungia chumbani, na hakubandika tena nyumba ya mtu tunayemjua. Nami nilikua, nikaenda Dar kusoma usanifu majengo, jambo ambalo mpaka leo sijui kama nililifanya kwa ajili yake au dhidi yake. Alipofariki, Ujiji yote ilikuja. Bi Mwajuma hakuja. Alimtuma Asha, mwanamke mzima sasa, na salamu ambazo Asha alizitoa akiangalia chini: "Bibi anasema pole kwa Mama Zuhura. Kwa Mama Zuhura tu." Zuhura ni mimi.

Ndipo nikafungua chumba. Nilizipiga picha kazi zote kwa simu nikamtumia mwalimu aliyenisimamia chuoni, anayekusanya kazi za wasanifu kwa ajili ya maonyesho. Alijibu haraka. Zote nzuri, alisema, lakini ile ya mlango ndiyo kazi yenyewe. Bila hiyo hakuna maonyesho ya baba yako. Niliisoma hiyo sentensi mara nyingi kuliko inavyostahili. Jina la Baba lingeandikwa ukutani, na lisingeandikwa Injinia.

Niliichukua ile kazi niifute vumbi. Kidole changu kilipita kwenye buluu, kikapanda kitu. Nikapitisha tena. Chini ya mawimbi palikuwa na ukingo, mwembamba na ulionyooka, ukingo wa karatasi ngumu ya picha za zamani, na ulikuwa unashuka kutoka mlangoni mpaka chini kabisa. Haukukatika popote. Niliipeleka dirishani nikaiinamisha kwenye mwanga. Buluu ilikuwa imekatwa kwa ufundi mkubwa kufuata umbo la kitu: kifundo, muundi, goti.

Wembe niliouona haukukata miguu. Ulikuwa unakata maji, karatasi ya buluu aliyoilaza juu ya miguu. Aliyakata yamtoshe, kisha akamfunika.

Kama ningekuwa mtu wa kawaida labda ningefurahi. Mimi nilikaa sakafuni nikakasirika. Picha ilikuwa nzima. Bi Mwajuma alipomuuliza mumewe yuko wapi, Baba alikuwa na jibu chini ya karatasi moja. Bakuli la maji lingetosha. Mama angepata chumvi, mimi ningecheza rede, na mjane angemruhusu mtu kugusa bawaba za mlango wake. Nikamwendea Mama jikoni nikamuuliza kama alijua.

"Sikujua," alisema, akiendelea kuchambua mchele. "Ila sishangai. Baba yako aliona afadhali aitwe mchawi kuliko aitwe aliyekosea."

Basi nikaanza kutolala. Nikiiacha ilivyo, Baba anapata ukuta wake. Nikiiloweka, kazi yake bora inakuwa uji. Na je, nikiiloweka na picha nayo ikaharibika? Na kama Bi Mwajuma haitaki tena? Na kama ile buluu ilikuwa namna ya Baba ya kumwonya kuhusu ziwa, mtu asiyejua kuongea isipokuwa kwa wembe, nani mimi niifute? Nilimtetea Baba kwa hoja nzuri sana. Kila nilipomaliza kumtetea nilimsikia akisema huwezi kudai kitu ambacho hakipo, na hoja zote zikawa na sauti yake.

Picha za zamani zilisafishwa studio ndani ya maji. Hicho ndicho nilichokishika mwishowe, kitu kidogo cha kiufundi: maji haziyaogopi. Jana asubuhi nikaleta beseni uani, nikajaza, nikailaza kazi ya Baba humo kifudifudi. Nilikaa kando yake kama anayekosha maiti. Harufu ya muhogo ilipanda. Paa la fedha likaachia kwanza, halafu mawimbi, moja moja, yakielea na kugeuka. Gundi ile ilikuwa na adabu kweli. Nilipoigeuza picha, Mzee Ramadhani alikuwa ameketi kando ya mlango wake, kofia kichwani, mzima. Rangi ya ramani ilikuwa imemchujia, na kutoka magotini kushuka chini, ambako mawimbi yalibandikwa kwa wingi zaidi, amebaki na ubuluu usiotoka.

Nilimwandikia mwalimu: kazi ile haipo tena. Kisha nikaiweka picha kati ya vitambaa viwili, nikapanda bajaji kwenda Buzebazeba.

Bi Mwajuma alikuwa ameketi kwenye mkeka, amekuwa mdogo, sauti ni ileile. "Wewe ni wa Injinia," alisema kabla sijamwamkia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikampa vitambaa. Alifunua, akaiangalia picha kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye uso, kwenye nakshi, kisha kwenye ile miguu ya buluu.

"Kumbe hakumkata."

"Hapana, bibi. Alimfunika."

"Alimzamisha," alinisahihisha. "Na kunizamisha mimi. Miaka yote hii mume wangu yuko humo, na baba yako anajua yuko humo."

"Ndiyo, bibi."

"Baba yako alikuwa mtu mbaya."

Nilijiuliza kama binti anaruhusiwa kujibu hilo. "Alikuwa mkaidi, bibi."

"Sijakuuliza tofauti." Aliifunga picha ndani ya kanga yake, kiunoni, kama watu wanavyofunga vitu wasivyokusudia kuviachia tena. "Kaburi lake liko wapi?"

Nikamwambia.

"Ukipita, mwambie mlango wangu umerudi. Na umwambie sijamsamehe. Yote mawili, usinifichie moja."

Nilirudi Ujiji kwa njia ya makaburini. Nikasimama nje ya ua, mikono bado inanuka muhogo, nikamwambia yote mawili.